Mnara wa Tofali, Mlango wa Hiari

Mwaka 1813 Serikali ya Uingereza ilimlipa mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham pauni 23,000 kwa ajili ya gereza ambalo hakulijenga. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akizunguka kwenye ofisi za wakubwa na michoro yake. Bunge lilishampitishia sheria mwaka 1794, kiwanja kilishanunuliwa mwaka 1799 huko Millbank, London, kando ya mto Thames, na fedha zake mwenyewe zilikuwa zimeteketea humo. Malipo yale yalikuwa fidia ya kumaliza maneno.

Gereza hilo aliliita Panoptikoni. Wengi wanaolitaja leo hukumbuka jambo moja tu: mnara wa katikati ambamo mlinzi anaona kila mtu na yeye mwenyewe haonekani. Ni kweli, lakini ni nusu ya kisa. Nusu ya pili imo katika masharti ya mkataba alioupendekeza. Usipoyasoma masharti yale huwezi kuelewa kwa nini mtu aliyefundisha kwamba kipimo cha haki ni furaha kubwa zaidi ya watu wengi zaidi alitumia miaka yake ya nguvu akiomba awe bwana jela.

Wazo lenyewe halikuanzia gerezani, lilianzia kwenye karakana. Samuel Bentham, mdogo wake Jeremy, alikuwa mhandisi wa meli aliyekwenda kutafuta maisha Urusi. Katika miaka ya 1780 alikuwa akisimamia shughuli za Mwanamfalme Potemkin, mmoja wa wakubwa wa Urusi, huko Krichev, mji ambao leo uko Belarus. Alikuwa na mafundi wa Kiingereza waliokuwa wagumu kutawalika, na wenyeji wengi waliokuwa bado wanajifunza kazi, na yeye ni mtu mmoja. Akabuni jengo la duara: wafanyakazi pembeni, msimamizi katikati, macho yake yanafika kila kona bila yeye kunyanyuka. Jeremy alipomtembelea mwaka 1786 akalikuta wazo hilo. Akiwa hukohuko akaona katika gazeti la nyumbani tangazo kuhusu ujenzi wa nyumba ya marekebisho huko Middlesex, akaamua kwamba ubuni wa mdogo wake ndio dawa. Mwaka 1787 aliandika barua 21 kuueleza, na mwaka 1791 zikachapishwa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ulitaja majengo ambayo mpango huo ungeyafaa: magereza, viwanda, nyumba za maskini, hospitali, nyumba za wagonjwa wa akili, na shule. Orodha hiyo tutairudia, kwa kuwa ndani yake kuna kasoro kubwa kuliko zote.

Ni haki kwanza kusema alikuwa akishindana na nini. Hadi vita ya uhuru ya Marekani ilipoanza mwaka 1775, Uingereza ilikuwa ikiwasafirisha wahalifu wake hadi makoloni ya huko. Njia hiyo ilipozibwa, kuanzia mwaka 1776 wafungwa walirundikwa katika meli chakavu zilizotia nanga mtoni Thames, ambamo maradhi yaliwamaliza. Mwaka 1787 msafara wa kwanza ukang'oa nanga kwenda New South Wales, huko Australia, upande wa pili wa dunia. Kwa hiyo mbele ya Bentham kulikuwa na meli zinazonuka na uhamisho wa mbali kiasi kwamba mtu aliyemaliza kifungo hakuwa na namna ya kurudi kwa watoto wake. Anayemhukumu Bentham bila kuziona meli zile anamwonea.

Sasa tazama chumba kimoja cha Panoptikoni. Ukuta wa nje una dirisha. Upande wa ndani hakuna ukuta, kuna nondo tu zinazotazama mnara. Mwanga unaingia kutoka nyuma ya mfungwa, hivyo mlinzi anauona mwili wake wote: akiinama, akikaa, akinyoosha mkono. Usiku taa ndogo zenye vioo vya kurudisha mwanga zinawekwa nje ya madirisha ya mnara na kumulika vyumbani. Mnara wenyewe una mapazia na vizuizi vilivyopangwa ili anayechungulia asionekane hata kama kivuli. Kutoka mnarani hadi kila chumba unapita mrija mwembamba wa bati, mlinzi aweze kusema kwa sauti ya kawaida na neno limfikie mtu mmoja pasipo jirani yake kusikia. Hata nguo zilifikiriwa: koti la mfungwa wa kiume lilipaswa kuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, ili akitoroka na kulitupa, tofauti ya rangi ya ngozi kati ya mikono miwili imsaliti.

Mfungwa hajui kama wakati huu anaangaliwa. Anajua tu kwamba inawezekana, na kwa Bentham hilo lilitosha. Mtu anayeamini kwamba huenda anaonwa atajizuia mwenyewe, pingu hazitahitajika, viboko vitapungua, na askari wachache watatosha kwa wafungwa 1,000. Tena alipendelea mkuu wa gereza mwenye familia, akaeleza kwamba mke na watoto wanaoishi mnarani, kwa kukosa la kufanya, watachungulia madirishani na kuwa walinzi wasiolipwa.

Hadi hapo mpango unatisha. Mkataba ndio unaoonyesha kwamba aliyeuandika hakuwa mkatili.

Bentham hakutaka mkuu wa gereza awe mtumishi wa mshahara. Alitaka awe mkandarasi anayelipwa kwa kila mfungwa na kuchukua faida ya kazi yao, halafu akazifunga pesa zake na hali ya wafungwa hao. Kila mwaka ikadiriwe idadi ya wanaotarajiwa kufa kwa kawaida katika kundi kama lile. Mkandarasi apewe kiasi maalumu kwa kila kifo kilichotarajiwa, na mwisho wa mwaka arudishe kiasi hichohicho kwa kila kifo kilichotokea kweli. Akiwatunza, tofauti ni yake. Akiwaua kwa uchafu na njaa, anajitoboa mfuko mwenyewe. Alipe faini kwa kila anayetoroka. Alipe pia pale aliyemaliza kifungo mikononi mwake anapohukumiwa tena kwa kosa kubwa, na malipo yaongezeke kadiri mtu huyo alivyokaa kwake muda mrefu. Chakula kiwe cha bei ndogo kabisa, lakini kila mmoja ale mpaka ashibe, jambo ambalo magereza ya wakati ule hayakulitoa. Na milango iwe wazi. Mwananchi yeyote aweze kuingia, akapanda hadi katikati, akatazama. Mkuu anayeona kila kitu naye aonwe na umma mzima, ambao Bentham aliuita kamati kubwa iliyo wazi ya mahakama ya dunia.

Sijaona wafuasi wengi wa ulinzi wa kisasa waliofikiri kwa ukali huo juu ya anayelinda. Bentham hakumwamini bwana jela hata kidogo. Hakumtaka awe mwema. Alitaka wema ulipe. Falsafa ya manufaa, yaani ile ya furaha kubwa zaidi ya watu wengi zaidi, ilipofanya kazi yake vizuri ilifanya hivi, kwa kuchukua uchungu wa mtu asiye na sauti na kuuandika kama deni kwenye daftari la mtu mwenye nguvu.

Lakini linganisha macho mawili yaliyomo katika mpango ule. Jicho linalotazama chini limejengwa kwa tofali, chuma na mwanga wa jua. Halichoki, halihitaji nia njema ya mtu yeyote, na linaona kila kitu: usingizi, sala, kilio, mkwaruzo wa kijiko. Jicho linalotazama juu limetengenezwa kwa nini? Kwa tarakimu za mwisho wa mwaka, yaani waliokufa, waliotoroka, waliorudia makosa, na kwa udadisi wa wapita njia. Udadisi huisha. Mwezi wa kwanza watu watajaa mlangoni, lakini baada ya miaka 10 nani atapoteza Jumapili yake kwenda kutazama wezi wakisokota nyuzi? Na siku serikali ikiamua kwamba wageni wanahatarisha usalama, mlango unafungwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Mnara haubomolewi kwa barua.

Tarakimu zenyewe nazo zina upofu. Kulingana na mafundisho ya Bentham, kila uchungu una uzito wake na hakuna uchungu unaoachwa nje ya mizani kwa kuwa ni wa mtu mdogo. Hata hivyo taasisi yake iliweka bei kwenye yale tu yanayoweza kuhesabika na karani. Kifo kina bei. Hofu ya kuishi mwaka wa tano bila dakika moja ya kuwa peke yako haina. Mfungwa anayenyongeka ndani kwa ndani lakini bado anapumua na bado anasokota nyuzi, kwenye daftari la mkandarasi ni mafanikio matupu. Kwa hiyo Bentham anaangushwa na kanuni zake mwenyewe, na huna haja ya kuingia kwenye falsafa nyingine ili kumkosoa. Alisema uchungu wote uhesabiwe, kisha akajenga mashine inayohesabu aina tatu tu.

Angeweza kujibu kwamba mgeni anayeingia atasikia malalamiko, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya mlango ulio wazi. Jibu lina nguvu kiasi. Ila mlalamikaji huyo atalala wapi usiku ule? Chini ya mnara uleule, mbele ya mtu aliyemsikia akilalamika. Mpango haukumpa mfungwa kitu chochote kilicho chake: si wakili, si njia ya kumfikia hakimu pasipo kupitia kwa mkuu, si saa moja ya faragha ya kuandika barua. Usalama wake wote ulipita kwenye mfuko wa mtu mwingine. Mfuko ule ukibadilika, kwa mfano kazi ya wafungwa ikaleta faida kubwa kuliko faini za vifo, hesabu inageuka na hakuna aliyevunja sharti lolote.

Katika barua ya mwisho Bentham analeta shule chini ya mnara, na hapo anajiuliza swali ambalo wapinzani wake wangemuuliza. Je, mtoto aliyelelewa namna hii hatakuwa na nidhamu ya askari au ukavu wa mtawa badala ya moyo wa raia huru? Je, hatutakuwa tumetengeneza mashine zenye sura ya watu? Anajibu waziwazi: waite askari, waite watawa, waite mashine, mradi wawe na furaha mimi sitajali.

Ninamshukuru kwa kuliandika bila kuficha, maana wengi wanaobuni mifumo ya kuangalia watu huliamini na hawalisemi. Jibu hilo limebeba kosa la mpango mzima. Furaha inayozungumzwa hapo inapimwa na nani? Na aliye mnarani. Mtoto anahesabiwa, lakini hana nafasi ya kusema kama hesabu ile ni sahihi. Falsafa inayosema kila mtu ahesabiwe kama mmoja, na asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja, imezalisha jengo ambalo mtu mmoja ndiye anayehesabu na wengine wote ni vitu vinavyohesabiwa. Mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyelelewa miguuni pa Bentham na kubaki mtetezi wa manufaa hadi mwisho, aliandika mwaka 1859 kwamba maumbile ya mwanadamu si mashine ya kujengwa kwa kielelezo bali ni mti unaohitaji kukua kila upande. Sioni jinsi mtu anavyoweza kusoma maneno hayo asiisikie barua ile ya shule ikijibiwa.

Halafu ile orodha ya ukurasa wa kwanza. Mfungwa, mgonjwa, mwanafunzi, mfanyakazi, fukara, wote chini ya paa la aina moja. Mtu wa kawaida angeuliza mara moja, mgonjwa amekosa nini? Hesabu ya manufaa haina mahali pa kuliweka swali hilo, kwa kuwa haiulizi mtu amefanya nini, inauliza tu kuangaliwa kwake kutaleta nini. Na Bentham hakuishia kwenye orodha. Mwaka 1797 na 1798 alichapisha mpango wa maskini wa Uingereza: kampuni ya hisa, iliyofuata mfano wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, ingejenga nyumba za kazi 250, kila moja watu 2,000, ambayo ni jumla ya watu 500,000. Kampuni ingekuwa na mamlaka ya kuwakamata ombaomba na watu wasio na njia ya kueleweka ya kujikimu. Watoto wangebaki humo wakifanya kazi mpaka utu uzima, kwa kuwa hao ndio wangeleta faida. Nusu milioni ya watu ambao hakuna mahakama iliyowahi kuwakuta na kosa! Ukianza na mwizi, mantiki inakubeba bila kusimama hadi kwa yatima, na njiani hukutani na ukuta wowote.

Mpango wa maskini haukutekelezwa. Wa gereza nao ulikufa taratibu, na aibu ni kwamba haukuuawa na hoja yoyote kati ya hizi. Waziri Mkuu William Pitt alikuwa ameangalia mifano ya jengo nyumbani kwa Bentham akaonekana kuridhika. Kilichofuata ni mabwana wenye ardhi kukataa gereza karibu na mali zao, eneo moja baada ya jingine, na mawaziri kuchelewesha barua. Inasimuliwa kwamba mwanasiasa Edmund Burke alipooneshwa mchoro alisema mkuu wa gereza ni buibui katikati ya utando wake. Lakini ni majirani wakubwa na urasimu vilivyoshinda. Mwaka 1811 kamati ya Bunge chini ya mbunge George Holford ilikataa gereza la mkandarasi, ikasema serikali ijenge na kuendesha yenyewe.

Basi likajengwa Millbank, palepale kwenye kiwanja cha Bentham, lakini kwa mchoro mwingine. Lilifunguliwa mwaka 1816 na likala karibu nusu milioni ya pauni, kwenye ardhi chepechepe. Mwaka 1822 wasimamizi waliona chakula kimezidi, wakakipunguza. Mwanzoni mwa 1823 mamia ya wafungwa waliugua kiseyeye na kuhara, baadhi wakafa, mpaka gereza likalazimika kuhamishwa watu. Naomba msomaji alipime hilo kwa uadilifu. Chini ya mkataba wa Bentham, uamuzi ule wa kupunguza chakula ungevunja sharti la mfungwa kula ashibe, na kila kifo kilichozidi makadirio kingemtoka mkandarasi mfukoni. Chini ya kamati ya waungwana wenye nia njema, haukumgharimu hata mmoja wao. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaosema Uingereza ilinusurika kwa kumkataa. Ilikataa sehemu ya kinga pamoja na hatari.

Na waliokuja baadaye walifanya kinyume chake, wakachukua umbo na kuacha kinga. Uholanzi ilijenga magereza ya kuba huko Arnhem na Breda mwaka 1886 na Haarlem mwaka 1901. Marekani ikajenga majengo ya duara Stateville, Illinois. Cuba ikajenga Presidio Modelo katika miaka ya 1920 chini ya Rais Gerardo Machado, na humo ndimo alimofungwa Fidel Castro baada ya shambulio la 1953 kwenye kambi ya jeshi ya Moncada. Sharti la kulipia vifo sikuona aliyelichukua, wala mlango ulio wazi kwa yeyote apitaye. Yaliyochukuliwa ni yale yanayojengeka kwa tofali.

Bentham mwenyewe aliumia. Rafiki yake John Bowring alimnukuu akisema kwamba kufungua makaratasi ya Panoptikoni ni kama kufungua droo ambamo mashetani yamefungiwa. Hakuyakana mawazo yake. Aliamini hadi kufa kwake mwaka 1832 kwamba alikuwa sahihi na kwamba Mfalme George III ndiye aliyemwangusha. Lakini kushindwa kulimfundisha jambo ambalo barua za Krichev hazikulijua: kwamba wenye madaraka wana maslahi yao, na maslahi hayo hayayeyuki kwa kuoneshwa hesabu nzuri. Kuanzia karibu mwaka 1809 akawa mtetezi wa Bunge linalochaguliwa na watu wengi, kwa kura ya siri. Katika kazi yake kubwa ya uzeeni, rasimu ya katiba aliyoianza mwaka 1822, alirudi kwenye michoro na mirija ya sauti. Safari hii alipanga ofisi za mawaziri. Aliwawekea wananchi vyumba vidogo vya kusubiri vinavyotazama mahali waziri anapofanyia kazi, na akataka shughuli na matumizi ya serikali viandikwe na kutangazwa. Raia alikuwa sasa upande wa mnara, na waziri upande wa dirisha. Kuhusu mfungwa, mwanafunzi na fukara hakuongeza neno la kuwapa na wao chumba cha kusubiri mbele ya ofisi ya mkuu wao.